Kanopi Ilikuwa Inacheza

Mjomba wangu ni dereva. Mwezi wa Agosti 2022 alinipa sentensi moja ya Kiswahili niitafsiri kwa Kiingereza, nikaiharibu, na kwa ajili hiyo akasimamishwa kazi. Sentensi yenyewe haikuwa na neno gumu hata moja. Alisema: "Kanopi ilikuwa inacheza na kabini tangu zamani, na mimi siku ile nilikuwa naichezesha gari polepole tu ili tuvuke." Mimi nikaandika, kwa Kiingereza changu cha chuo kikuu, kwamba dereva alikuwa akicheza na gari wakati wa kuvuka.

Kabla hujacheka, ndugu msomaji, jiulize wewe ungeandika nini. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa kwanza wa kusoma Kiswahili. Mwezi mmoja tu nyuma yake, Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda lilikuwa limekubali Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Pale nyumbani Arua, watu waliokuwa wakiniuliza kwa nini nimeenda chuo kikuu kusomea lugha ya sokoni na ya askari wakaanza kuniita "mwalimu" kabla sijasimama mbele ya darasa hata moja. Kwa hiyo karatasi ya kampuni ilipoletwa, ikiwa na mistari mitupu ya maelezo ya dereva na sharti kwamba yaandikwe kwa Kiingereza, hakuna aliyefikiri mara mbili. Mjomba anasema Kilugbara, Kikakwa, Kiswahili, na Kilingala cha kutosha kununua vipuri kule Ariwara. Kiingereza chake ni cha salamu. Mwalimu yupo, apewe kalamu.

Gari alilokuwa akiendesha lilikuwa pikapu ya milango minne, zile tunazoziita dabokabini, lenye kanopi ya faibaglasi nyuma. Aliyekaa West Nile anayajua magari haya. Tangu mapigano yalipozuka tena Sudan Kusini Julai 2016, na kambi ya Bidibidi kufunguliwa wilayani Yumbe mwezi uliofuata, yamejaa kwenye barabara zetu, meupe, antena ndefu mbele, jina la shirika mlangoni. La mjomba halikuwa la shirika. Lilikuwa la kampuni ndogo inayoyakodisha mashirika magari pamoja na madereva. Kazi yake ilikuwa kupakia Arua, kupita Koboko, kisha kuelekea Yumbe, au kukata kwenda Lobule waliko wakimbizi wa Kongo.

Kutoka Arua hadi Koboko hakuna la kusimulia. Barabara ile inayotoka Vurra hadi mpakani Oraba, kilomita 92, ni ya lami. Lakini ukitoka Koboko kuelekea Yumbe, wakati ule, lami ilikuwa inaisha na moramu inaanza, na mvua zinapoikata moramu dereva huendesha juu ya mitaro na mapande ya mawe. Siku ile mjomba alibeba madaftari ya shule ndani ya kanopi na magodoro juu ya keria. Penye kijito kimoja maji yalikuwa yamekula upande mmoja wa njia. Alishuka, akapima kina kwa fimbo, akapanda tena, akaingia taratibu. Gurudumu la mbele la kushoto likapanda jiwe. La nyuma la kulia likapanda ukingo. Magurudumu mawili mengine yakawa chini shimoni. Ndipo aliposikia mlio kama wa bunduki. Kioo cha pembeni cha kanopi kilikuwa kimemwagika chote, na kona ya mbele imefanya ufa wa kuingiza vidole. Mvua ikawashika hadi Yumbe. Madaftari yalifika yameloa kabisa.

Hayo yote nimeyajua baadaye, kwa kumuuliza. Siku ya kuandika maelezo sikuuliza. Nilitaka kumaliza, niende zangu kutazama mpira. Na kuna jambo jingine ambalo sipendi kulisema: nilipoandika kwamba alikuwa akicheza na gari, niliamini. Mjomba ni mtu wa mzaha. Alipokuwa akitubeba tukiwa watoto, akiona dimbwi alikuwa akilifuata makusudi ili maji yaruke na sisi tupige kelele. Niliona sentensi ile kama ya mtu aliyekamatwa anayekiri kosa lake kwa lugha ya utani, na nikajiona mwema kwa kuiandika kwa upole.

Baada ya wiki moja barua ikaja. Akaniita niisome. Nikakaa kwenye kigoda, yeye amesimama, shangazi anachambua mboga za osubi kando, nami nikaanza kuigeuza mstari kwa mstari kurudi kwenye Kiswahili. Kampuni imepokea maelezo yako. Kampuni imesikitishwa. Kwa kukiri kwako mwenyewe kwamba ulikuwa ukicheza na gari la kampuni likiwa na mzigo wa mteja, umesimamishwa kazi bila malipo, na bei ya kanopi mpya itakatwa kwenye mshahara wako ukirudi.

Mjomba alinyamaza. Kisha akauliza, "Mimi nilisema hivyo?"

Nikamwambia, "Ulisema kanopi inacheza na kabini, na wewe unachezesha gari."

"Ndiyo. Inacheza. Kama jino." Akashika jino lake la mbele kwa vidole viwili na kulitikisa, ingawa meno yake ni mazima. "Mtoto akikuambia jino linacheza, utamwambia wacha michezo?"

Shangazi akacheka. Mimi sikuweza.

Sikuwa nimefungua kamusi. Nani anafungua kamusi kutafuta neno *cheza*? Lakini kila anayekisema Kiswahili tangu utotoni anajua kwamba jino linacheza, mpini wa jembe unacheza, nati inacheza, yaani kitu kilichopaswa kutulia kimepata nafasi ya kwenda huku na huku. Kucheza huko hakuna furaha ndani yake wala kosa la mtu. Kuchezesha ni kukifanya kiende, kama mtu anavyouchezesha ufunguo kwenye kufuli kaidi hadi likubali. Kuchezea ndiko kuliko na lawama. Mjomba alitumia mawili ya kwanza, kila moja mahali pake. Mimi nikayasikia yote kuwa la tatu, licha ya kwamba muhula uliotangulia nilipata alama nzuri katika mtihani wa vinyambulishi vya vitenzi. Na kumbe hata Kiingereza kina neno lilelile kwa maana ileile. Mafundi wa Kiingereza husema bolti ina mchezo. Ningeandika moja kwa moja, kipande hiki kina mchezo na kile, ningekuwa sahihi. Niliona neno hilo ni la kitoto, nikalibadilisha kuwa tendo la mjomba.

Kusahihisha neno hakukutosha. Nilipiga simu ofisini kwao, na karani akaniambia kwa adabu kwamba kila dereva hubadilisha maelezo akishaona barua. Kama kanopi ilikuwa na tatizo, tuonyeshe tatizo. Gari lilikuwa limekokotwa hadi gereji moja pale Koboko likisubiri kanopi nyingine. Kesho yake asubuhi tukapanda matatu, mjomba na mimi, tukaenda kuliona.

Koboko ni mji ambao mtu anaweza kununua sabuni kwa lugha tano. Sudan Kusini iko hapo Oraba, Kongo iko hapo magharibi. Fundi mwenye gereji alitoka upande wa Aru, na Kiswahili chake kilikuwa cha Ituri, chenye Kifaransa na Kilingala katikati. Hakuwa na haraka. Alimwita mjomba "Shofere" na mimi "Petit." Alituachia tulizunguke gari kwanza, kisha akauliza swali moja: "Hii keria, nani alitia?"

Hapo lazima niieleze keria, kwa kuwa ndiyo kesi yenyewe. Pikapu inapotoka kiwandani, kabini ya watu na bodi ya mizigo ni vitu viwili vilivyotengana. Kati yao kuna mwanya wa vidole vichache ambao wengi wetu hatuuoni isipokuwa tunapoosha gari. Vyote viwili vimeketi juu ya chasisi, ambayo ni kama ngazi iliyolazwa: nguzo mbili ndefu za chuma na vipande vya kukingama katikati. Kampuni ilitaka kubeba magodoro mengi zaidi. Kwa hiyo mchomeleaji mmoja mjini alipewa kazi ya kutengeneza keria moja ndefu ya mabomba, kuanzia juu ya kabini hadi mwisho wa kanopi. Miguu minne imefungwa kwenye paa la kabini, minne imepigwa bolti kupita kwenye faibaglasi ya kanopi. Ilikuwa keria nzuri, imepakwa rangi nyeusi. Mjomba mwenyewe aliisifu siku ilipofungwa.

Fundi akamtuma kijana wake alete sanduku la viatu. Akalishika tupu, bila kifuniko, mkono mmoja kila upande, akalipinda kama mtu anayekamua nguo. Likapinda bila ubishi. "Hii ni bodi yako ya nyuma. Aiko na juu." Kisha akakivika kifuniko, akakibana kwa gundi ya karatasi pande zote, akanipa mimi. Nikalipinda. Lilikataa. Nikaongeza nguvu, na karatasi ikapasuka penye kona ya kifuniko. Akaitazama ile kona iliyopasuka, kisha akaitazama kona ya kanopi, hakusema neno.

Nilirudi nyumbani na swali ambalo lilinisumbua hadi niliporudi chuoni na kuuliza wanaosomea uhandisi: kwa nini wanatengeneza gari linalopinda? Si wangelifanya gumu tu? Jibu nililopewa, nami nikalijaribu kwa bua la jani la papai, ni hili. Bua la papai ni bomba. Likiwa zima, kulisokota ni kazi. Ukilipasua kwa kisu kutoka juu hadi chini, urefu mmoja tu, bila kupunguza nyama yake, linasokoteka kwa vidole viwili. Chuma kilichofungwa pande zote nne hukataa kusokotwa, na kilichoachwa wazi upande mmoja hukubali. Chasisi za malori mengi zimeachwa wazi kwa makusudi. Za pikapu nyingi zimefungwa sehemu fulani au zote, lakini hata hizo, kwa kuwa ni ngazi, bado hupinda kidogo. Lori linalopinda huziacha tairi zake zote zikanyage chini kwenye njia mbovu, na chuma chake hugawana mzigo badala ya kuumaliza penye kiungo kimoja.

Watu wa kwetu walilijua hili kabla yangu. Nikiwa mtoto nilipanda malori ya mbao yaendayo soko la Ariwara, na nilikuwa nikitazama mbao za bodi zikisukumana na kupanda juu ya misumari yake kila tulipopita shimo, nikidhani lori linakufa. Bodi lile halikupigwa bolti ngumu kwenye chasisi. Lililazwa juu ya boriti za mbao na kukumbatiwa kwa vyuma vya umbo la U, lipate kuteleza kidogo. Wajerumani waliounda Unimog walilifikia jambo hilohilo kwa hesabu: bodi lake hushikiliwa kwa nukta tatu, kwa sababu ileile inayofanya kigoda cha miguu mitatu kisiyumbe juu ya sakafu ya udongo. Mchomeleaji wetu alifunga nane.

Turudi gereji. Fundi alitaka kutuonyesha, na mjomba alitaka kuona kwa macho yake, maana naye alikuwa ameanza kujishuku. Wakafungua miguu minne ya keria upande wa kabini, ikabaki imeshikwa na kanopi peke yake. Gari likiwa mahali tambarare, fundi akachora alama ya chaki kwenye paa la kabini na nyingine kwenye ukingo wa kanopi, zikitazamana sawasawa. Kisha mjomba akalipandisha taratibu: gurudumu la mbele la kushoto juu ya kipande cha gogo, la nyuma la kulia juu ya jingine. Akazima injini. Nikapanda na futi ya kupimia. Alama zilikuwa zimeachana kwenda kando karibu sentimita 3. Kule chini, penye sakafu ya bodi, mwachano haukufika hata nusu ya hapo. Milango yote minne ya kabini ilifunguka na kufungika kama kawaida, kwa sababu kabini imeketi juu ya raba zake na haikuona shida. Mlango wa nyuma wa kanopi ulikataa kufunguka kabisa mpaka gari lilipoteremshwa.

Sentimita 3 ni kidogo kwa mtu anayetembea. Kwa bomba la chuma lililopigwa bolti pande zote mbili ni nyingi sana. Kitu fulani lazima kizitoe, na kati ya chuma cha keria, paa la kabini na faibaglasi ya kanopi, kilicho dhaifu zaidi ni faibaglasi.

Fundi akaongeza mawili ambayo sikuyaelewa siku ile. La kwanza, kampuni ilikuwa imeongeza majani mawili kwenye springi za nyuma ili gari lisilale likibeba. Springi laini humeza sehemu kubwa ya shimo kabla halijafika kwenye chasisi. Ukizifanya ngumu, shimo lote linapanda juu. La pili, kwenye dabokabini viti vya nyuma vimekula nafasi, kwa hiyo bodi limesogezwa nyuma na mzigo mwingi unakaa juu ya ekseli au nyuma yake. Mkia unavutwa chini, na mwanya wa juu kati ya kabini na kanopi unataka kupanuka. Keria ikiwa imeushika mwanya huo, inavuta.

Lakini kilichomwokoa mjomba kilikuwa vumbi. Fundi aliufungua ufa kwa bisibisi na kutuambia tutazame ndani yake. Ulianzia kwenye tundu la bolti ya kwanza ya keria, upande wa kushoto. Kutoka hapo, kwa urefu wa kama kiganja, kingo zake zilikuwa za kahawia, zimejaa vumbi la moramu lililoganda na kulainika kwa kusuguana. Baada ya hapo, ghafla, zilikuwa nyeupe safi, zenye nyuzi kali za kukata kidole. "Hii nyeupe ni ya ile siku," akasema. "Hii nyekundu ni ya miezi." Vumbi haliingii ndani ya faibaglasi iliyo nzima. Ufa ulikuwepo, unatembea kidogo kila safari, huku mjomba akisikia kwii-kwii nyuma ya kichwa chake na kumwambia msimamizi kwa mdomo kwamba kanopi inacheza. Msimamizi hakuandika popote.

Tulipiga picha kwa simu yangu, futi ikionekana. Usiku ule niliandika maelezo mapya, kurasa tatu, na safari hii kila sentensi niliisoma kwanza kwa Kiingereza, kisha nikamgeuzia mjomba kwa Kiswahili, naye akasema ndiyo au akasema rudia. Alinirudisha mara nyingi. Niliandika kwamba aliingia kijitoni kwa mwendo wa kasi ndogo, akasema, "Kasi ndogo bado ni kasi. Andika nilitembea." Niliandika kwamba keria iliharibu kanopi, akakataa. "Keria haina kosa. Walifunga vitu viwili kama kitu kimoja." Nikamuuliza kama niandike jina la mchomeleaji. Akakataa hilo pia, akasema yule alichomelea alichoambiwa.

Ilichukua muda. Septemba nzima mjomba alikaa nyumbani, akarekebisha paa la jiko, akagombana na kila mtu. Mimi nilirudi chuoni na nauli aliyonipa mama, kwa kuwa yeye, ambaye ndiye aliyekuwa akinilipia nauli siku zote, hakuwa nayo. Hakuna aliyenilaumu nyumbani. Ingekuwa afadhali wangenilaumu. Nilikuwa nimekaa darasani nikisikiliza mhadhara kuhusu wajibu wa mtarjumi na nikaona joto masikioni, nikidhani wote wanajua.

Mwanzoni mwa Oktoba meneja mmoja alitoka Kampala na fundi wao. Mjomba aliniambia kwa simu kwamba yule fundi wao hakuhitaji hata magogo. Alipanda juu ya tairi, akatazama ndani ya ufa, akashuka, akazungumza na meneja kwa Kiganda kwa dakika mbili. Deni la kanopi likafutwa. Mjomba akarudi kazini wiki iliyofuata. Lakini mshahara wa wiki alizosimamishwa haukulipwa, na sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba kampuni ilichukua hatua kwa kutegemea maelezo ya dereva mwenyewe, yaliyotiwa sahihi. Sahihi ni yake. Maelezo ni yangu. Yako kwenye faili yake hadi leo, karatasi ya kwanza chini ya ile ya kurasa tatu, kwa mwandiko wangu mzuri wa herufi za kuinamia kulia.

Niliwahi kuanza kumlipa kidogo kidogo kutoka kwenye pesa za kufundisha masomo ya ziada. Mara ya kwanza alizipokea. Mara ya pili alizirudisha, akasema nimnunulie shangazi sukari. Sijui kama huko ni kusamehewa au ni namna yake ya kukataa kuzungumza jambo hilo.

Keria zote za kampuni zimekatwa katikati. Nusu moja inakaa kwenye kabini na nusu kwenye kanopi, na kati yake pana nafasi ya vidole vinne. Magodoro yanafungwa kwenye nusu ya nyuma peke yake, kwa hiyo wanabeba machache kuliko walivyotaka. Chini ya kanopi wamelaza mkanda wa raba, na bolti zilizokuwa zimepita kwenye faibaglasi zimeondolewa. Mahali pake kuna klampu za kubana kutoka ndani, ambazo mjomba huzikaza kwa mkono kila Jumatatu, asizikaze sana.

Desemba iliyofuata nilipanda naye hadi Yumbe. Mvua zilikuwa zimekatika, lakini pale kijitoni njia ilikuwa bado imeliwa upande mmoja. Akasimamisha gari, akaniambia nishuke, nisimame kando, nitazame juu. Akaingia kwa mwendo wa mtu anayetembea. Gurudumu la mbele likapanda jiwe, la nyuma likapanda ukingo, na kule juu nikaziona nusu mbili za keria zikipishana, moja inaelekea Kongo na nyingine inaelekea Yumbe, kisha zikarudi, zikatazamana tena. Hakuna kilicholia. Mjomba akatoa kichwa dirishani.

"Inacheza?"

"Inacheza," nikamjibu.